Magofu ya Wamaya na mzee wa korona ya mkonge

Wazo la kwenda Yucatán, kusini mashariki mwa Meksiko, lililetwa na mtoto wa kaka yangu, yule mkubwa, anayesoma sekondari Toronto. Mwalimu wao wa hesabu aliwaambia kwamba Wamaya, wenyeji wa huko, walikuwa wakiandika sifuri karne nyingi kabla Ulaya haijaijua, naye akataka kupaona walikoishi watu hao. Wakati huo Baba na Mama walikuwa wamekuja kutoka Tanga kututembelea Houston, wakiwa na shangazi yetu, na kaka alikuwa anatafuta pa kutukutanisha wote bila kuwabeba wazee mpaka kwenye baridi ya Kanada. Kutoka Houston hadi Cancún ndege hutumia saa mbili na dakika chache. Mjadala ukaishia hapo. Ikawa safari ya vizazi vitatu: wazee wenye magoti mabovu, sisi wa katikati wenye pochi, na watoto wenye simu.

Nianze na karatasi, maana hilo ndilo ninaloulizwa zaidi. Mwenye pasipoti ya Tanzania na viza hai ya Marekani au Kanada huruhusiwa kuingia Meksiko kama mtalii bila kuomba viza nyingine. Wazee walikuwa na viza za Marekani za kuingia mara nyingi, kwa hiyo hapo tulivuka salama. Mwenye viza ya kuingia mara moja asithubutu kabla hajauliza, kwa sababu akishatoka Marekani anaweza kushindwa kurudi. Na kagua tena kabla ya kulipa nauli. Kanuni za mipaka hazikai mwaka mzima zikiwa vilevile.

Wifi yangu alitaka tulale Cancún, ufukweni, halafu twende kwenye magofu na kurudi kila siku. Kwenye ramani inaonekana rahisi. Lakini kutoka Cancún hadi magofu ya Chichén Itzá ni karibu kilomita 200, na mzee wa miaka sabini na kitu ukimweka kwenye gari kilomita 400 kwa siku, akifika kwenye piramidi ataomba kiti. Tukakubaliana tulale Valladolid, mji mdogo wa kikoloni ulio kama kilomita 45 tu kutoka Chichén Itzá, wenye kanisa kubwa la mawe, bustani katikati na nyumba za rangi ya udongo na njano. Wifi alinuna mpaka alipoona bei ya vyumba.

Gari tulikodi uwanja wa ndege. Bei tuliyoiona mtandaoni ilikuwa ya kuchekesha, na kaunta ikaacha kuchekesha: bima ya kuwafidia watu wengine ni lazima kwa sheria ya Meksiko, na haikuwemo kwenye ile bei. Siitaji kampuni, kwa sababu naambiwa ni mtindo wa wengi. Uliza bima hiyo kabla hujaondoka nyumbani. Jambo la pili la barabara ni matuta. Kila kijiji kina matuta yake, mengine hayana kibao wala rangi, na ni marefu kuliko ya Segera. Baba alikaa mbele na kazi yake ikawa kupiga kelele, "Tuta!" Aliifanya kwa moyo wote.

Kuna na suala la saa. Cancún iko katika jimbo la Quintana Roo, na Chichén Itzá iko jimbo la Yucatán, na majimbo hayo hayatumii saa moja. Cancún iko mbele kwa saa nzima. Ukilala Cancún unatafuta mlango unaofunguliwa saa mbili asubuhi kwa saa ya kwingine. Ukilala Valladolid unaamka, unakunywa chai, unafika. Sisi tulikuwa getini kabla ya kufunguliwa. Tiketi ni mbili, moja ya taasisi ya taifa ya mambo ya kale, INAH, na nyingine ya serikali ya jimbo, na kila moja ina dirisha lake. Tuligawana foleni, kaka huku na mimi kule. Mabasi ya watalii wa Cancún huanza kumiminika saa nne hadi saa tano. Kabla ya hapo uwanja ni wenu, nyinyi na ndege na wachuuzi wanaotandika meza.

Piramidi yenyewe wengi mmeiona kwenye picha. Ina kimo cha kama mita 30 ukihesabu na hekalu la juu, ngazi pande nne, kila upande vidato 91, na kile cha mwisho cha hekalu kinakamilisha 365. Hupandi. Mtalii mmoja alianguka na kufa mwaka 2006, na kupanda kukasimamishwa. Wazee walifurahi sana kusikia hivyo, kwa sababu hakuna aliyeweza kuwauliza mbona hawapandi. Ukipiga makofi mbele ya ngazi, mwangwi unarudi mwembamba, wa kuvutika, na wenyeji husema ni sauti ya ndege quetzal. Binti yangu alipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

Tulimchukua mwongoza watalii pale getini, mwenyeji wa kijiji cha jirani. Nashauri mno mchukue mwongozaji wenu wenyewe mkiwa kundi, msijiunge na la watu. Mkigawana gharama ni ndogo, na muhimu zaidi, anatembea kwa mwendo wa mzee wenu. Wakati anatusubiri tukusanyike, mtoto mdogo wa kaka alikuwa anatusomea kwenye simu habari za "ustaarabu uliopotea", na yule mwongozaji alikuwa pembeni akibishana na mkewe kwa simu kuhusu mtungi wa gesi, kwa Kimaya. Alipokata simu akatuambia amekosea yeye, aliahidi kuununua jana. Watoto walimtazama, wakatazama simu, wakatazamana. Kimaya cha Yucatán kina wasemaji zaidi ya 700,000 nchini Meksiko leo. Miji hii mikubwa ilihamwa kwa nyakati tofauti, na ukame na vita vinatajwa miongoni mwa sababu, lakini watu hawakwenda popote. Na mwaka 1847, hapohapo upande wa Valladolid, walianzisha uasi dhidi ya matajiri wenye asili ya Uhispania uliochukua zaidi ya nusu karne kuzimwa.

Mwongozaji alikuwa na hotuba yake aliyoizoea: nyoka mwenye manyoya, kivuli kinachoteremka ngazini mwezi Machi na Septemba, kalenda, kafara. Tulipofika kwenye kafara Baba akanivuta mkono.

"Muulize hawa waliojenga walikuwa wanakula nini."

Nikauliza. Mwongozaji akacheka, akasema kwa kawaida watu humuuliza walichinjwa wangapi. Akajibu: mahindi, maharage na maboga, vikipandwa pamoja shamba moja, na baba yake mpaka leo analima hivyohivyo. Mama akasema, "Basi kama sisi tu." Baba hakuridhika. Mawe yalichimbwa wapi? Palepale, nchi yote ni chokaa, ukifukua kidogo unagonga mwamba. Yalibebwa na nini? Migongo ya watu, maana hapakuwa na punda wala ng'ombe, wala hawakutumia magurudumu kwa mizigo. Yalichongwa na nini? Mawe magumu zaidi, hakuna chuma. Halafu swali ambalo nilishindwa kulitafsiri vizuri: "Na nyapara alikuwa nani?"

Hapo yule bwana aliacha hotuba yake. Akatuzungusha upande wa nyuma wa jengo moja dogo ambapo ngozi ya ukuta imebomoka, akatuonyesha tumbo lake. Nje kuna mawe yaliyochongwa na kupangwa kwa unadhifu. Ndani ni vifusi, kokoto na mawe ya kila namna, vimeshikwa kwa udongo wa chokaa. Shangazi, aliyekulia karibu na magofu ya Tongoni, kusini mwa Tanga mjini, aliinama akaangalia kwa karibu, akasema chokaa hii imechomwa kwa kuni nyingi. Alikuwa sahihi. Chokaa haipatikani bila kuchoma mawe kwa moto mkali, na moto huo unakula msitu. Waswahili waliichoma ya matumbawe, hawa waliichoma ya mwamba wao. Jioni Mama aligundua kwamba hata ugali wao umepita kwenye chokaa: mahindi huchemshwa na chokaa, huoshwa, ndipo husagwa na kuwa unga wa chapati zao. Chokaa ukutani na chokaa tumboni. Mama hakulisahau hilo, alilirudia kila mlo.

Uwanja wa mpira tuliupita upesi, ingawa una urefu wa mita 168 na hakuna mkubwa kuliko huo katika ulimwengu wote wa Wamaya na majirani zao. Jua lilikuwa limeshaanza kuuma. Kwenye Senote Takatifu, lile shimo la maji la duara lenye upana wa kama mita 60, mwongozaji alijiandaa kueleza kwa nini watu walitupa dhahabu, jedi, ubani na binadamu kwenye maji. Shangazi hakuhitaji maelezo ya vile vitu vingine. Mapango ya Amboni nyumbani mpaka leo watu huacha sadaka zao ndani. Kilichotuudhi ni habari ya Edward Thompson, konseli wa Marekani aliyelinunua shamba lote lenye magofu haya, na kuanzia mwaka 1904 akalikokora shimo hilo kwa mashine na kuvipeleka vitu Harvard. Baadhi vimerudishwa. Kaka alitaka kujua kuhusu vilivyobaki, kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili.

Njia nzima ya kwenda huko ina wachuuzi, wengi wao Wamaya, na filimbi za mdomoni zinazonguruma kama chui. Watoto walinunua. Najuta kwa niaba ya hoteli. Mama alisimama kwa mama mmoja anayeuza magauni meupe yenye maua ya kudarizi. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Mama aligeuza gauni ndani nje, akatafuta mafundo, akayapitisha kidole. Yule mama akachukua gauni jingine, akaligeuza, akamwonyesha mshono ambao nyuma yake ulikuwa safi kama mbele. Mama akaliacha la kwanza akanunua la pili kwa bei aliyotajiwa, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya sokoni Ngamiani.

Saa sita tulikuwa tumeshaondoka. Hii ndiyo kanuni iliyotuokoa: mahali pamoja kwa siku, asubuhi tu, mchana watu walale. Kaka alikuwa na orodha ndefu na kila jioni ilipungua. Hakuna aliyelalamika ila yeye.

Cobá ilikwenda vizuri kwa sababu moja, ile huduma ya baiskeli za magurudumu matatu. Magofu yametawanyika msituni, umbali kati ya kundi moja na jingine ni mrefu, lakini barabara ni tambarare na yenye kivuli. Wazee walipakiwa mbele wawiliwawili, vijana wa pale wakanyonga, sisi nyuma kwa baiskeli za kawaida. Barabara kuu ya kale iliyoanzia hapo, iliyoinuliwa kwa mawe na kupakwa chokaa nyeupe, ilikwenda karibu kilomita 100 hadi Yaxuná. Baba akauliza tena nani aliijenga, na mnyonga baiskeli akanyanyua mabega.

Kuhusu senote za kuogelea nitasema machache. Yucatán kaskazini haina mito juu ya ardhi; mvua hupenya kwenye mwamba na maji hupita chini kwa chini, na paa la pango likianguka unapata kisima kikubwa cha maji ya baridi. Nyingi zimejipanga nusu duara kufuata ukingo wa shimo la Chicxulub, lililochimbwa na kimondo miaka milioni 66 iliyopita, kile kilichomaliza enzi ya dinosaria. Watoto waliijua habari hiyo kuliko mwongozaji. Lazima uoge kabla ya kuingia, uondoe mafuta na losheni, na jaketi za kuelea zipo. Shangazi alikataa katakata kuingia kwenye maji ambayo hajui mwisho wake. Baba alitia miguu tu, samaki wadogo wakaja kumnyonya vidole, akabaki hapo akicheka peke yake.

Chakula kilitusumbua kidogo, na familia nyingine ya Kiislamu ijue mapema. Chakula maarufu cha Yucatán ni nguruwe aliyefunikwa kwa majani ya migomba na kuchomwa shimoni. Hicho unakikwepa kwa urahisi. Kinachokukamata ni maharage, kwa sababu kwenye migahawa mingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na hakuna anayekuambia kwa sababu kwao hilo si jambo la kusema. Tulijifunza kuuliza "sin manteca", bila mafuta ya nguruwe, kabla ya kukaa. Kuku wa namna ileile, mwekundu kwa mbegu za mzingefuri na ndani ya jani la mgomba, anapatikana, na supu ya kuku yenye ndimu tuliinywa karibu kila siku. Pilipili yao Mama aliipa heshima.

Mérida, mji mkuu wa jimbo la Yucatán, tulipumzika kweli. Jioni moja mtoto mkubwa wa kaka aliwakalisha babu na bibi yake kwenye meza ya hoteli akawafundisha tarakimu. Nukta ni moja, mstari ni tano, gamba la kombe ni sifuri, na badala ya kuhesabu kwa makumi wanahesabu kwa ishirini, ukipanda juu. Akaandika umri wa Baba: nukta tatu juu, hizo ni ishirini tatu, na chini yake mistari miwili na nukta nne. Sabini na nne. Baba akachukua kalamu akaandika wa Mama bila kuambiwa. Kisha kijana akasimulia habari ya Maní, kijiji kilicho kusini mwa Mérida, ambako mwaka 1562 padri Diego de Landa alivichoma moto vitabu vya Wamaya, na kwamba vilivyobaki duniani kote ni vinne tu. Padri huyohuyo aliacha maandishi yenye kitu alichokiita alfabeti ya Wamaya, na karne nne baadaye, mwaka 1952, Mrusi Yuri Knorozov, akiwa Leningrad na hajawahi kuyaona magofu kwa macho yake, aliitumia kuonyesha kwamba alama zile husomeka kwa silabi. Baba alitaka kujua kama huyo Mrusi alilipwa.

Sasa nifike kwenye mkonge, ambao haukuwa kwenye orodha ya kaka.

Baba alikuwa fundi wa korona, yaani mtambo wa kukamua nyuzi za mkonge, kwenye shamba moja upande wa Muheza tangu ujana wake mpaka bei ilipoanguka na mitambo ikasimama. Babu yangu aliletwa Tanga akiwa manamba kutoka Kigoma, kukata mkonge. Sisi tumekula, tumesoma na kuvaa mkonge. Nilikuwa nimesoma zamani, nikasahau, kwamba mmea huo kwao ni kusini mwa Meksiko. Meksiko iliulinda usitoke, lakini Mmarekani mmoja, Henry Perrine, aliyekuwa konseli Campeche, alikuwa ameshaupeleka Florida miaka ya 1830, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf akaagiza miche 1,000 kutoka huko Florida. Ilipita Hamburg, ikafika Tanganyika miche 62 tu iliyo hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Njiani kuelekea Uxmal, magofu mengine ya Wamaya, Baba aliona shamba dirishani, akasema, "Simamisha gari." Hakusema tuta.

Kusini mwa Mérida kuna hacienda, yaani mashamba ya zamani yenye jumba la tajiri na kiwanda chake, na chache bado zinasindika mkonge kidogo kwa ajili ya wageni. Tuliingia moja. Baba alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa kwanza, akashika jani, akarudisha mkono haraka.

"Huu una miiba pembeni!"

Na kweli. Mkonge wa Tanga una mwiba mmoja mkali kwenye ncha, pembeni ni laini. Huu wa Yucatán ni ndugu yake, jani lina rangi ya kijivu na meno ubavuni kuanzia chini mpaka juu. Mzee mmoja wa pale, wa rika la Baba, alikuwa anaonyesha ukataji: anachagua majani ya chini, anakata karibu na shina, anaondoa mwiba wa ncha, kisha anapitisha kisu ubavuni kutoa yale meno. Baba alinyoosha mkono kuomba kisu. Wakatazamana kidogo. Akapewa. Alikata jani la kwanza kwa uangalifu, la pili kwa kasi, na la tatu akalirushia juu ya rundo bila kuangalia, likaangukia pale lilipotakiwa. Yule mzee akasema kitu kwa Kimaya, na kijana wa kutafsiri akatuambia: anauliza alifanya kazi shamba gani.

Mashine ilipowashwa nilimwona Baba akifumba macho. Majani yanalala kwenye mnyororo, yanaingizwa kwenye gurudumu lenye visu butu linaloyaponda na kuyakwangua, maji yanachukua ule ute wa kijani, na upande wa pili zinatoka singa ndefu za kijani kibichi zinazoanikwa kwenye nyaya mpaka ziwe nyeupe. Harufu ilitufikia, ile chachu inayokwaruza kooni. Binti yangu aliziba pua. Baba akamwambia, "Harufu hii ndiyo iliyomsomesha mama yako." Kisha akamkataza kugusa yale maji, yanawasha. Alikaa na mzee mwenzake nyuma ya mashine muda ambao sikuupima, kijana wa kutafsiri katikati yao, mimi nikimalizia Kiswahili. Walizungumza mikanda, mapulei na vidole. Wote wawili walijua watu waliopoteza vidole.

Kwenye chumba cha maonyesho kulikuwa na kabati la kioo lenye sarafu ndogo za shaba zilizochapwa jina la shamba. Wafanyakazi Wamaya, na Wayaqui waliohamishwa kwa nguvu kutoka Sonora kaskazini, walilipwa kwa vile visarafu, vinavyokubalika kwenye duka la shamba hilo tu. Deni la baba likarithiwa na mtoto, na mwenye deni hakuruhusiwa kuondoka. Iliendelea hivyo mpaka mapinduzi ya Meksiko yalipoingia Yucatán mwaka 1915. Jumba la tajiri lilikuwa hatua chache kutoka hapo, lenye sakafu ya vigae kutoka Ulaya. Baba alisimama mbele ya kioo, akatusimulia jambo ambalo mimi na kaka hatukuwa tumelisikia: kwamba babu alitunza kipande chake cha kazi mpaka kufa, kadi ile ya kukamilisha siku 30 ndipo ulipwe, na kwamba mwezi mmoja aliugua malaria zikabaki siku nne, akapewa chumvi na kuambiwa arudi akazimalize. Kaka alirekodi kwa simu. Mtoto wake mdogo aliuliza kwa nini hakukimbia. Baba akasema alikimbia, akafika Korogwe.

Uxmal tulifika kesho yake, na nasema bila kusita kwamba ni pazuri kuliko Chichén Itzá. Pana watu wachache, na mawe yamechongwa kama susu za kamba. Piramidi ya mbele ina kimo cha kama mita 35 na kona zake ni za mviringo. Hadithi ya wenyeji inasema ilijengwa na kibeti mmoja kwa usiku mmoja. Baba aliposikia hivyo akaguna, "Hiyo hadithi ameitunga nyapara."

Huko vilima vya Puuc hakuna senote, maji yako chini mno. Mama ndiye aliyeuliza maji yalitoka wapi, na mwongozaji wa siku hiyo akatupeleka kwenye tundu dogo chini, lenye ukingo wa jiwe. Ni birika lililochimbwa mwambani, shingo nyembamba na tumbo pana, limepakwa lipu ya chokaa ndani ili lisivuje. Uwanja unaolizunguka umeinamishwa kidogo ili mvua ikimbilie tunduni. Mji mzima uliishi kwa mabirika kama hayo na mabwawa ya wazi, ukisubiri mvua, na ndiyo maana kuta zote zimejaa sura za Chaak, mungu wa mvua, pua imepinda kama ndoano, moja juu ya nyingine kwenye kona. Mama alikaa ukingoni akipima kwa macho. Alisema kusafisha hili ndani lazima mtu ateremke, na anayeteremka hawezi kuwa mnene, kwa hiyo walikuwa wanateremshwa watoto au wanawake wembamba. Mwongozaji alisema hajawahi kufikiria hilo. Sijui kama ni kweli, lakini nimemwamini Mama kwa mambo magumu zaidi.

Jumba la Gavana lina uso wa karibu mita 100, na urembo wake ni maelfu ya vipande vya mawe, kila kimoja kimechongwa peke yake kikaja kuunganishwa. Mwongozaji akataja mfalme anayehusishwa na majengo hayo, Chan Chaak, wa mwishoni mwa karne ya 9. Siku tatu nyuma tungeandika jina hilo na kuendelea. Safari hii watoto ndio waliouliza: waliochonga ni wangapi, walilala wapi, walilipwa? Yule mdogo akauliza kama walikuwa na sarafu za duka. Mwongozaji alijitahidi, na alipoishiwa akasema maandishi yanataja wafalme tu. Baba akamwambia, nami nikatafsiri, kwamba kwao korona kulikuwa na daftari. Jina lako limo hata kama pesa yako haimo.

Wazee wamesharudi Tanga. Juzi Baba alituma ujumbe wa sauti mrefu, nyuma yake zikisikika kelele za barazani. Amewasimulia wenzake, mafundi na wakata mkonge wastaafu, kwamba Meksiko kuna mkonge wenye miiba pembeni kama msumeno, na wamemwita mwongo mbele ya watu. Anataka mjukuu wake amtumie ile video ya kisu leo kabla ya alasiri, na asiikate pale anaposhangiliwa.